Betri Isiyoruhusiwa Kuzima

"Ondoa mkono kwenye hiyo chaja, Mama Natalie! Betri haijafika sifuri!"

"Imezima, Gitau. Tazama kioo. Cheusi kama sufuria ya kuni."

"Imezima ikiwa na asilimia thelathini na moja. Kwa hiyo, kikanuni, haijazima."

Mwenyekiti Gitau aliyasema hayo kwa upole wa mtu anayeijua kanuni vizuri, kwa kuwa aliitunga mwenyewe. Wanachama kumi na wanne wa Umoja wa Wazazi wa Kiswahili walikuwa wamekaa katika ukumbi wao wa chini ya ghorofa, huko ughaibuni, kitongoji cha Fittja, makoti mapajani. Mbele yao, juu ya meza, kulikuwa na laptopu ya Umoja. Haikuwa ikiwaka. Wala haikuwa imezima.

Saa ya ukutani ilionyesha tisa na robo. Ikifika kumi kamili, manispaa ingefunga maombi ya ukumbi. Mueni, katibu, ambaye wote walimwita Mama Natalie, alikuwa amebakiza kubandika kwenye ombi lao orodha ya wanachama na kumbukumbu za mkutano mkuu. Bila ombi hilo, darasa la watoto la Jumamosi lingekosa pa kukaa, na ukumbi ungepewa wacheza mpira wa meza, ambao walikuwa wameshakuja mara mbili kupima sakafu. Na nyaraka zote mbili zilikuwa ndani ya laptopu hiyo tu. Mwenyekiti alikataza zisinakiliwe popote, siri za Umoja zisije zikazagaa.

"Basi niichomeke, niwashe, nitume, nichomoe," alisema Mueni. "Dakika kumi."

"Kifungu cha kwanza kinasema betri isichajiwe mpaka iishe kabisa."

"Iishe vipi na haiwaki?"

"Uiwashe, uitumie mpaka iishe."

"Niiwashe na nini?"

"Na chaja," alisema Gitau, kisha akakunja uso. "Ambayo hairuhusiwi mpaka iishe. Suala lako ni zito, Mama Natalie. Nitalipeleka kwenye Kamati."

Kamati ya Afya na Ustawi wa Betri ilikuwa na mwenyekiti mmoja, katibu mmoja na mjumbe mmoja, na wote watatu walikuwa Gitau. Elimu yake ya betri aliipata Thika, kwa muuza duka aliyemuuzia simu ya kwanza maishani: usichaji mpaka iishe, ikiisha chaji saa nane bila kuigusa. Tangu hapo dunia ilikuwa imebadili betri, lakini hakuna aliyemwandikia barua rasmi kumjulisha.

Kwa hiyo aliitunza. Kila Jumamosi baada ya mkutano aliibeba laptopu kwa treni hadi kwake Hjulsta, begi kifuani, mikono miwili juu yake, asimpe abiria mwingine nafasi ya kuigusa. Nyumbani aliiweka juu ya hita ya chini ya dirisha, isipate baridi ya Wazungu. Akachomeka chaja. Akaifunika kwa kitambaa cheupe cha maua alichofuma mkewe Felicia, kile kile kilichowahi kufunika televisheni yao Kenya. Saa nane ndiyo ilikuwa kiwango cha chini. Yeye aliiacha mpaka Jumamosi iliyofuata, ishibe.

Lakini pamoja na mapenzi yote hayo, betri ilizidi kukonda. Mwaka wa kwanza ilimaliza mkutano mzima. Mwaka wa nne ilikuwa ikiaga wakati wa kusoma ajenda. Gitau hakuwa mjinga. Alijua kuna mtu anaihujumu. Na mtu pekee aliyebonyeza vitufe vyake alikuwa Mama Natalie, tena alibonyeza kama anayetwanga kitunguu saumu.

Akasimama. Akafunga kifungo cha koti.

"Ndugu wanachama, natangaza Tangazo Namba Kumi. Msimamizi yeyote ambaye betri ya kifaa chake itaonekana imeshuka chini ya nusu ya nguvu zake za kuzaliwa, atanyang'anywa kifaa, funguo na cheo papo hapo, bila rufaa. Kisha atapumzishwa saa nane bila kusema neno, ajitafakari. Wanaounga mkono?"

Mikono ilipanda. Wengine waliunga mkono tangazo, wengine waliunga mkono kwenda nyumbani. Mueni alinyoosha wa kwake pia.

"Hata wewe?" Gitau alishtuka kidogo.

"Hata mimi. Sasa tupime. Saa tisa na dakika ishirini na tano."

"Atakayepima ni nani?"

"Dalia yupo hapa."

Dalia alikuwa amezaliwa huku huku ughaibuni, Södertälje, na kazi yake ilikuwa kutengeneza kompyuta. "Inapimika," alisema. "Mashine yenyewe huandika kila kitu. Lakini lazima iwake."

Ukumbi wote ukamgeukia Mwenyekiti. Gitau alifikiri. Kanuni ni kanuni, lakini tume ya uchunguzi iko juu ya kanuni, hasa tume inayomchunguza mtu mwingine.

"Kwa ajili ya uchunguzi tu," alisema, na kwa mkono wake mwenyewe akachomeka chaja.

Laptopu ikaamka. Dalia akabonyeza hapa na pale, akasoma kimya, akashika shavu.

"Herregud," alisema, yaani Mungu wangu, kwani kila akishtuka Kiswahili kilimkimbia. "Imebaki na thelathini na nne kwa mia ya nguvu zake za kuzaliwa."

"Mmeona!" Gitau alipiga meza. "Vidole vya katibu!"

"Vidole haviui betri, Mzee. Joto linaiua. Kuikausha mpaka sifuri kunaiua. Na kuiacha imejaa pomoni, wiki nzima, kwenye joto..." Dalia alishusha sauti. "Kwani huwa inakaa wapi?"

Kitambaa cha maua kilikuwa kinachungulia kwenye begi la Gitau.

Mueni akatoa laptopu ya pili, ile ya darasa. Zilinunuliwa pamoja, siku moja, duka moja. "Hii nakaa nayo mimi. Naichaji nikikumbuka, inaishia themanini hivi nachomoa, nageukia ugali. Ipime."

Dalia akaipima. Themanini na saba.

"Hiyo haina malezi yoyote," alisema Gitau kwa uchungu. "Imejikulia tu. Halafu tusichanganye mambo. Msimamizi wa hii ya Umoja ni anayeitumia, yaani katibu. Mimi naihifadhi tu."

Mzee Khamis wa Tanga, makamu mwenyekiti, aliinuka. Akavuta daftari la makabidhiano, akavaa miwani.

"Hebu nisome, jamani. 'Msimamizi wa kifaa: Gitau.' Sahihi, mhuri. Wiki ya pili, 'Msimamizi wa kifaa: Gitau.' Mhuri." Alifungua kurasa thelathini mbele. "Gitau. Mhuri. Hapa mhuri umepigwa mara mbili. Bwana weye, huu mhuri nao kauchonga Mama Natalie?"

Mhuri ulikuwa mfukoni mwa Gitau. Aliuhisi ukimchoma paja.

"Tangazo linahitaji tafsiri ya Kamati," alisema.

"Tangazo limepita," alisema Khamis. "Bila rufaa. Lete funguo, bwana."

Ilikuwa saa kumi kasorobo. Gitau alitazama mikono kumi na minne aliyokuwa ameihesabu mwenyewe, akatoa funguo. Kisha mhuri. Mueni hakusubiri hotuba. Alivuta kiti, akabandika orodha, akabandika kumbukumbu, akatuma. Saa kumi kasoro dakika nane manispaa ikajibu kwamba ombi limepokelewa. Akanakili faili zote kwenye laptopu ya darasa, na hakuna siri iliyozagaa, kwa sababu kulikuwa na majina tu na bei ya maandazi.

Gitau akafungua mdomo.

"Saa nane bila kusema neno," Khamis alimkumbusha. Akamwongoza taratibu hadi kwenye kiti kilicho kando ya hita, akachomoa kitambaa cha Felicia kwenye begi na kumfunika mabegani.

Gitau alikaa. Joto lilimpanda mgongoni, likamlegeza mabega, likamlegeza na kope. Alitaka kupinga, lakini nguvu ya kupinga hakuiona. Alitazama laptopu pale mezani, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne akaionea huruma.