Kiti cha Dada

Jumatatu, 3 Machi

Injini imewaka! Imekohoa, imetema moshi mweusi, ikazima. Lakini imewaka, na kinyozi wa hapo jirani ni shahidi, maana moshi wote uliingia kibandani kwake na mteja akatoka mbio, nusu kichwa kimenyolewa. Kinyozi amelalamika. Nimemwambia iko siku atajisifu kwamba alikuwepo.

Gari ni la wazi, viti viwili, boneti ndefu kama jeneza la mtu mrefu, madigadi yamebinuka, taa mbili za mviringo zinazokutazama kana kwamba zinakudai salamu. Zamani haya yalikuwa magari ya mabwana wakubwa. Nimeyaona kwa macho yangu nilipokuwa namwoshea magari tajiri mmoja. Sisi tuliotembea hatusahau. Hili nimelitengeneza kwa mikono: injini ya pikapu iliyopinduka, bati la mapipa, nyundo na akili. Shule niliishia njiani, akili haikuishia.

Viti kashona dada. Ndiye aliyenilea mama alipotutoka. Kimoja changu, kimoja chake, ndivyo tulivyokubaliana. Mumewe, shemeji yangu, kauliza yeye atakaa wapi. Nimemjibu atatufuata nyuma akila vumbi. Kasema gari lisilo na paa ni beseni. Wivu tu.

Alhamisi, 6 Machi

Shemeji kaja mwenyewe. Kakataa kukaa. Wametoka kwa daktari wa macho. Presha ya macho, ile ile ya siku zote, sasa imeshika kasi. Jicho la kulia limeshakwenda. La kushoto linafunga kuanzia pembeni, linabakiza tundu dogo katikati, na kilichokwenda hakirudi. Dada anataka kuliona gari sasa hivi. Nifunue turubai kidogo tu, aangalie, basi.

Nimekataa. Kwanza, madaktari kazi yao kutisha watu. Pili, gari halina rangi, lina mabaka ya puti kila nilipoziba mabonde, utadhani mgonjwa wa ukurutu. Huyu ndiye dada aliyekuwa akininyooshea kaptula kwa pasi ya mkaa ili nisichekwe shuleni. Leo nimwonyeshe kazi yangu ikiwa uchi?

Shemeji kanitazama, mpaka nikajisikia vibaya bila sababu.

"Shemeji," kasema, "hajakuomba gari zuri. Kakuomba alione."

Nimemwambia mambo ya sanaa hayawezi. Kaondoka bila hata kutukana. Si kawaida yake.

Jumapili, 9 Machi

Siku zote nimemtangazia dada kwamba litakuwa jekundu. Dukani nyekundu imekwisha. Nikasimama, nikafikiri kama mtu aliyetembea, nikakumbuka kwamba yale ya tajiri wangu mengi yalikuwa ya kijani. Nimechukua kijani. Sikumwambia mtu. Itakuwa mshangao juu ya mshangao.

Nimepiga rangi asubuhi yote. Boneti iling'aa, nikajiona meno ndani yake. Nikaenda kunywa maji. Niliporudi, kuku wa mama mwenye nyumba alikuwa keshatembea juu ya boneti, kutoka taa hadi usukani, akageuka, akarudi. Nimekwenda kushtaki. Mama mwenye nyumba kasema mshtaki ni yeye, maana kuku wake sasa ana miguu ya kijani na jogoo hamtaki.

Nimekwangua kwa msasa, naanza upya. Dada kamtuma shemeji aniambie leo jua ni zuri, anaona vizuri kidogo, je, aje? Nimesema Jumamosi. Jumamosi nitaalika mtaa mzima!

Jumatano, 12 Machi

Nimemkamata shemeji uani, nusu kaingia chini ya turubai, matako nje, simu mkononi. Eti anataka kupiga picha akamkuzie dada kwenye kioo cha simu. Nimemvuta mguu. Mtu mzima kabisa! Nimemuuliza kama harusini kwake alikubali bibi harusi atolewe nje kabla hajavaa. Kasema siku ile dada yangu angekuja na gunia angemwoa vilevile. Nikaenda kununua mnyororo na kufuli. Nimezungushia turubai, nimefunga. Sasa tuone.

Jumamosi, 15 Machi

Ufunguo wa kufuli umepotea. Mtaa mzima umesimama kunisubiri nikikata mnyororo kwa msumeno. Kinyozi kauliza kama gari linatumikia kifungo. Watu wamecheka. Na wacheke.

Dada kaja na gauni lake la bluu, kashikwa mkono na mumewe, wanatembea polepole kama siku ya harusi yao. Nikadhani ni maringo. Nimevuta turubai. Watu wakasema aaah. Hata mama mwenye nyumba kasema aaah. Kijani kile, jua lile!

Dada alikuwa anatabasamu. Lakini uso kauelekeza kwenye pipa la maji la kinyozi.

"Wekundu huu umelikaa vizuri, mdogo wangu," kasema.

Kinyozi kafungua mdomo, shemeji kamkanyaga mguu. Mimi nikasema ndiyo, dada, nilijua utaupenda. Sauti ilitoka nyembamba, kama ya mtoto. Nimempeleka mkono kwenye boneti. Kaipapasa yote, taratibu, kama anavyopapasa kitambaa kabla hajakikata. Kwenye madigadi kasema hapa nyundo ilikuzidi nguvu. Juu ya boneti kasimamisha kidole, kacheka, kasema hapa kapita kuku.

Kaomba tuzunguke mtaa. Betri ilikuwa imekufa. Watu wakatawanyika mmoja mmoja. Nimemwambia kila mtu kwamba machozi yangu ni harufu ya rangi.

Jumapili, 16 Machi

Nimekwenda kwa dada. Yuko kwenye cherehani, anakunja pindo la shuka kwa vidole. Sikujua niulize vipi. Kanisaidia, ndivyo alivyo. Kasema Alhamisi asubuhi aliamka akadhani umeme umekatika. Kamwambia mumewe awashe mshumaa. Mumewe akamwambia kumeshakucha.

Alhamisi. Jumatano alikuwa bado anaona. Jumatano mimi nilikuwa dukani nanunua kufuli.

Leo sina mzaha wa kuandika.

Nilimuuliza kwa nini jana alisema vile mbele za watu. Kasema nimemwimbia wekundu tangu gari likiwa mapipa, sasa angesema nini? Kisha kanishika sikio kama zamani.

"Nitembeze tu. Popote. Nataka upepo."

Nimemwambia Jumanne asubuhi. Nimeapa.

Jumanne, 18 Machi

Jana kutwa nimelala chali nafikiri. Kinyozi anawahadithia wateja habari ya wekundu, na wanacheka, nimewasikia. Dada yangu wamcheke? Basi nikapata akili, na nikishapata akili huwa sikai. Dada hajasema uongo. Gari ndilo lililokosea. Jioni nimeipata nyekundu, duka la mbali. Leo alfajiri nimeshang'oa taa, nimetoa viti, nimekwangua kijani chote.

Dada kafika asubuhi na mapema, kashikwa mkono na shemeji. Alikuwa kajifunga kitambaa kichwani, fundo la nguvu chini ya kidevu, kwa ajili ya upepo. Nimemweleza kila kitu kwa furaha. Shemeji katoka, kasimama nje ya geti, kanipa mgongo.

Dada kauliza kiti chake kiko wapi. Nimemwonyesha, yaani nimempeleka, kiko chini hapo ukutani. Kakaa. Kapanga mikono mapajani kama abiria.

"Haya," kasema. "Endesha taratibu."

Nimemwambia aache utani, kazi hii inataka mtu makini, nyekundu hupigwa mara tatu na kila mara ikauke. Anipe mpaka Jumamosi. Kasema sawa. Ila hakuondoka. Kakaa vilevile, kageuzia uso sauti ya msasa, mpaka jua lilipozidi na shemeji akaja kumchukua.

Nyekundu ya kwanza imekaa vizuri mno. Sasa nawaza mstari mweupe ubavuni, mwembamba, kama wa magari ya mabwana wakubwa. Huo utataka siku mbili tatu zaidi.