Marufuku Kuandika "Choo Imejaa"

Kwa mamlaka aliyopewa, pamoja na mengine machache aliyojiongezea mwenyewe, Ephantus Mungai aliutangazia mji wa Eldoret kwamba enzi ya wafanyabiashara kutafutwa mtandaoni kwa maneno ya ovyo imefika kikomo. Kuanzia Jumatatu, kila mwenye biashara na tovuti angetumia tu maneno ya kutafutia yaliyopigwa muhuri na Ofisi ya Maneno Stahiki. Atakayekaidi asahau leseni.

Ephantus alikuwa kaimu mkurugenzi wa ofisi hiyo, na neno kaimu lilimkera kama kokoto kiatuni. Mkubwa wake, Mheshimiwa Wakoli, alikuwa amemwahidi kumthibitisha kazini pindi tu ofisi itakapoonyesha matokeo. Ephantus aliyataka matokeo hayo mpaka usingizini.

Mambo yalianza vizuri. "Nyama choma karibu na mimi" ikawa "mnofu uliobanikwa katika ujirani," na kamati yake ya maneno ikajipigia makofi kabla ya kuagiza chai. Kisha akaingia Kabura wa mtaa wa Yamumbi, mwenye lori la kunyonya vyoo, mwanamke ambaye hakuwahi kupunguza sauti kwa ajili ya ofisi yoyote. Tovuti yake ilibeba maneno mawili tu kwa herufi kubwa: CHOO IMEJAA.

"Hapa kuna makosa mawili," Ephantus alimwambia kwa upole. "Kwanza, hakuna staha. Pili, hakuna ngeli. Choo kimejaa. Ki, Mama. Ki."

"Mkubwa, hiyo najua. Lakini mtu choo yake ikifurika na wageni wako kwa geti, unadhani atakumbuka ngeli? Ata-type choo imejaa. Na mimi niko hapo namngoja, na analipa cash."

"Na tukimwelimisha?"

"Mwelimishe ikishanyonywa."

Ephantus alimhurumia kwa dhati. Alimpigia muhuri neno lililoitoa kamati jasho wiki nzima, "Uondoshaji wa Staha wa Taka Miminika," naye Kabura akaondoka akisonya. Neno hilo lilimletea mtu mmoja, mwanafunzi wa chuo cha Chepkoilel aliyekuwa akiandika tasnifu kuhusu istilahi mpya, ambaye hakuwa na choo bali maswali. Lori likaegeshwa, kuku wakahamia chini yake, na mtu wa kushika paipu akaachishwa kazi. Katika ripoti yake, Ephantus aliandika kwamba lugha ya sekta ya vyoo imepona kabisa.

Haikupita muda, simu ya ofisi ikalia. Nanzala, karani wake, akaipokea.

"Hapo ni kwa watu wa choo?" aliuliza mzee mmoja wa mtaa wa West Indies.

"Hapana, Mzee. Hapa ni Ofisi ya Maneno Stahiki."

"Sawa, mje nayo hayo maneno. Lakini lori itangulie."

Akafuata mwingine, na mwingine, mpaka Nanzala akakaukiwa na sauti. Aliingia kwa Ephantus bila kubisha.

"Bosi, shida ni ile notisi tuliweka kwa website yetu, 'Marufuku kuandika choo imejaa.' Kila mtu ametoa 'choo imejaa' kwa website yake. Imebaki yetu peke yake, hapo tumesema ni marufuku, na namba yetu ya simu iko chini yake. Mtu akitafuta, sisi ndio wa kwanza."

"Tuiondoe?" Ephantus alishangaa. "Tuonekane tumerudi nyuma? Tutoe ufafanuzi."

Ufafanuzi ukatolewa siku hiyo hiyo, na ulikuwa wazi kwa kila mwenye macho: "Ofisi hii haishughulikii choo imejaa Yamumbi, choo imejaa West Indies, choo imejaa usiku, wala choo imejaa haraka sana." Tangu hapo hata waliokuwa wakitafuta usiku waliipata ofisi bila taabu.

Mheshimiwa Wakoli alikuja kukagua kazi akiwa na barua ya kumthibitisha Ephantus kwenye faili. Kamati ilikaa wima. Mheshimiwa alizitazama takwimu za tovuti, akavua miwani, akazitazama tena.

"Ephantus, website yako inatembelewa kuliko zetu zote. Kumbe wananchi wanapenda maneno hivi?"

"Ni kiu ya staha, Mheshimiwa," Ephantus alijibu, moyo ukimwenda mbio kwa furaha.

Mheshimiwa alitoa kalamu. Simu ikalia.

"Weka loudspeaker," akaagiza. "Nisikie wananchi wakifaidika."

Nanzala alimtazama Ephantus, akabonyeza.

"Halo, ni nyinyi wa choo imejaa haraka sana?" Ilikuwa sauti ya mama aliyekasirika. "Mkuje saa hii, tafadhali. Wakwe wa msichana wangu wako njiani. Bwanangu nimemwambia tangu Krismasi atafute mtu, lakini yeye kazi ni kuhutubia tu. Mkifika hapa estate muulize kwa Mheshimiwa Wakoli."

Aibu ilimpanda Mheshimiwa mpaka masikioni.

"Mama Linah," alimwambia mkewe akiinamia simu, "kata. Watu wako njiani."

Hakukuwa na watu wala njia. Ephantus alimpigia Kabura huku jasho likimtoka.

"Mimi sichukui kazi ya ofisi," Kabura alisema. "Mwenye choo aongee mwenyewe, aseme shida yake."

Mheshimiwa akaichukua simu, akageukia dirisha, lakini kamati nzima ilimsikia.

"Mama, choo imejaa."

"Hapo sasa nimekuelewa. Lori iko. Lakini yule wa kushika paipu nilimwachisha vile mlinifungia maneno. Wewe uko na mtu?"

Mheshimiwa aliizungushia macho kamati, na kila mjumbe akaanza kuchunguza kucha zake. Akaivuta ile barua, akaitia sahihi, akaisukuma mbele ya Ephantus.

"Nakutumia mkurugenzi wangu," alisema kwenye simu.

Mkurugenzi, bila kaimu. Ephantus alihisi machozi ya furaha yakimlengalenga. Alikunja barua vizuri, akaiweka mfukoni, akavua koti, kisha akaanza kupandisha mikono ya shati.