Mnyama Aliyekalia Jina la Blogu Yangu

Kwa Mhariri wa Kamusi

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wenzako wote mnaolala na kuamka na maneno. Mimi ni mchoraji. Nachora kwa mkaa na rangi za mafuta katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu, ambacho mke wangu, mshonaji, ameniachia nusu. Nusu nyingine ni ya cherehani. Sijawahi kuandikia ofisi yoyote kulalamika, hata pale maji yalipokatika wiki tatu. Lakini hili limenifika shingoni, na chanzo chake ni kamusi yako.

Mambo yalianza hivi. Msimamizi wa ukumbi wa maktaba alikubali kutundika picha zangu kumi na nne kwa wiki nzima, maonyesho yangu ya kwanza tangu nianze kushika brashi miaka kumi na tisa iliyopita. Akataka kadi za mwaliko ziwe na anwani ya blogu. Sikuwa na blogu. Binti yangu akanionyesha kwamba kuifungua ni kazi ya dakika tano. Kuipa jina kulinichukua wiki sita. Mke wangu alishauri nitumie jina langu mwenyewe, nikamweleza kwa upole kwamba jina langu tayari linatumiwa na fundi mmoja wa friji, na yeye ndiye maarufu. Hapo ndipo nilipoifungua kamusi yako. Malalamiko yangu ni haya:

1. Neno la kwanza nililochagua ni Kaa, kwa maana ya kipande cha mkaa. Jina fupi, jeusi, la kisanaa. Mgeni wa kwanza alikuwa shemeji yangu, aliyeandika kuuliza akae hadi saa ngapi. Wa pili aliagiza kaa wawili wakubwa, wawe wamesafishwa. Nikalifuta.

2. Nikachagua Mpaka, yaani yule anayepaka. Siku ya tatu jirani wa nyuma alibisha hodi akiwa na hati ya kiwanja, ramani na mashahidi wawili. Alidhani nimetangaza hadharani kwamba uzio wake umeingia kwetu. Nilipomwambia kuwa ni blogu ya sanaa, alitaka kujua ni sanaa mpaka lini. Mke wangu akawapa mashahidi chai, yakaisha. Nikalifuta hilo pia, ingawa, na hili libaki kati yetu, uzio wake kweli umeingia kwetu.

3. Kisha jina likaja lenyewe. Nilikuwa nimesimama mbele ya turubai, brashi mkononi, nikiogopa kuanza kama ninavyoogopa kila siku, nikajiamrisha kwa sauti: "Paka!" Mkono ukatii. Ndugu Mhariri, nilicheza peke yangu mle chumbani hadi mabunda ya nyuzi ya mke wangu yakaporomoka. Silabi mbili tu, na ndani yake amri, kazi na ujasiri. Kadi zikachapwa siku hiyohiyo.

Kufikia Jumatatu nilikuwa na wafuasi mia tatu na kumi. Nilitokwa na machozi. Halafu nikasoma walichoandika. Mmoja aliulizia chanjo. Mwingine alisema wa kwake anakodolea ukuta macho tangu asubuhi, je, ukuta una nini? Muuguzi mmoja aliandika kwamba wa kwake hajala siku mbili. Ningefanyaje? Mimi si mtu katili. Nikamjibu ajaribu kumbadilishia bakuli, kwa sababu tu wakati ule nilikuwa nachora bakuli. Paka akala. Hilo ndilo lililonimaliza. Tangu siku hiyo naitwa Daktari.

4. Siku ya ufunguzi walikuja watu sitini, msimamizi wa ukumbi akanikumbatia. Ishirini na mmoja kati yao walibeba vikapu, na vikapu vilikuwa vinalia. Hakuna aliyetazama ukutani. Walipanga foleni mbele yangu, nami nikaangalia masikio, nikapapasa matumbo, nikapendekeza bakuli. Nyuma yangu miaka kumi na tisa ya kazi ilikuwa imening'inia, inatazama migongo ya watu.

5. Niliporudi nyumbani nikafungua tena kamusi yako nijue wa kulaumiwa ni nani. Nikakuta: paka, mnyama, namba moja. Paka, kazi yangu, namba mbili. Naomba kuelezwa huyo mnyama amefanya nini cha kumtanguliza mbele ya mtu anayefanya kazi. Analala.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, namba hizo zibadilishwe. Nikifikiri zaidi naona hilo halitoshi. Mnyama aondolewe kabisa kwenye neno, aitwe Nyau, jina ambalo analitaja mwenyewe kila siku bila kushurutishwa. Hatapoteza kitu. Nimefanya jaribio: nilimwita wa jirani "paka" mara saba, hakugeuka. Mimi nikiitwa mara moja nageuka, hivyo mwenye kulitumia jina anajulikana. Apewe miezi sita ya kuhama. Simba na chui, kama ndugu zake, wajulishwe kwa maandishi. Mkimalizana naye, mumpitie na yule wa baharini aliyekalia Kaa, kisha mwendelee herufi kwa herufi mpaka (nina maana ya hadi) kila neno libaki na mwenyewe mmoja, na wachoraji turuhusiwe kuchagua kwanza.

Nisalimie wahariri wote, wachapaji, mlinzi wa getini, na hasa anayeshughulikia herufi P, ambaye sina kinyongo naye binafsi.

Wako mtiifu,
Paka (namba mbili)

Nyongeza: Barua hii imekaa juu ya kabati siku tisa kwa kukosa stempu. Tafadhali usiisome, soma hapa tu. Jana alikuja dereva wa lori mstaafu, mwanamume mkubwa aliyelazimika kuinama mlangoni. Hakuwa na kikapu. Alikuwa na picha ndogo iliyochakaa ya paka aliyesafiri naye ndani ya lori, kando ya kioo cha mbele, miaka kumi na moja, akafa wiki iliyopita. Aliuliza kama Daktari anajua pia kuchora. Niliketi nikachora palepale, bila kuogopa na bila kujiamrisha. Aliitazama kazi yangu muda mrefu, kisha akasema, "Ndiye." Akalia. Mke wangu akasimamisha cherehani. Katika miaka yote hii, aliyewahi kulia mbele ya picha yangu ni mimi peke yangu. Kabla ya kuondoka alizunguka chumba akasimama mbele ya kila picha, zote kumi na nne zilizorudi kutoka maktaba, akiuliza hii ni nini na hii ni nini.

Naomba mnyama aachwe palepale alipo. Toleo lijalo likihitaji mchoro wa kuweka pembeni ya namba moja, ninao.