Malalamiko Kuhusu Kovu la Apendiksi la Mke Wangu

Kwa Sista Risper,
Wodi ya Wajawazito, Jeddah.

Sista mheshimiwa,

Pokea salamu kutoka Al-Malqa, Riyadh, ambako mimi Alfayo ni dereva. Mke wangu Celestine, mfanyakazi wa nyumbani huko Al-Rawdah, Jeddah, umemlaza wiki mbili sasa na haumwi popote. Nimevumilia, nimeshindwa.

Kwanza, ulimwuliza kuhusu kovu lake. Dada yangu, kovu lile ni la apendiksi! Ndivyo ajenti alivyoandika Nairobi ili apite vipimo vya kuja huku, na miaka minne hatujakosea hata siku moja. Kwamba mimba ya kwanza ilitunga kwenye mrija, pale unapoungana na kizazi, pakakatwa, hiyo ni siri ya nyumbani. Wewe ukamletea chai ya maziwa na Kiswahili cha kwetu, akakumwagia yote. Huo ni uungwana?

Pili, ukamwambia daktari, naye akasema pale palipokatwa kizazi kinaweza kupasuka hata kabla ya uchungu. Eti asiinue hata ndoo! Mama yangu alizaa tisa na hakuna kilichopasuka isipokuwa subira ya baba.

Tatu, madam wake sasa anajipikia, na ananipigia simu Riyadh kuniuliza chumvi inakaa wapi. Mimi! Jikoni kwake sijawahi kukanyaga. Juzi nikabahatisha kabati la juu, akaikuta. Sasa ananiuliza hadi bizari.

Nne, mmepanga upasuaji wiki ya thelathini na sita ya mimba, ilhali bosi amenipa likizo wiki ya arobaini. Mtoto gani huyu asiyeheshimu likizo ya baba yake?

Kwa hivyo nakuja Alhamisi kumchukua kwa basi hadi Riyadh, mwendo wa saa kumi na mbili tu barabarani. Mto wa kuegemea nimeshanunua. Na kwenye faili, tafadhali, muirudishe apendiksi.

Wasalimie wauguzi wote, na daktari pia, ila yeye kidogo tu.

Wako mwenye kinyongo cha heshima,
Alfayo.

Tena: Nilifika na barua hii jana jioni, tiketi mbili mkononi. Kabla sijaitoa mfukoni ukasema mafi, yaani hakuna, haendi mtu. Nikalala kwenye benchi kwa hasira. Alfajiri nikakuona ukisukuma kitanda cha Celestine mbio kwenda chumba cha upasuaji. Kizazi kilikuwa kimeanza kupasuka palepale mlipopasema. Saa hiyo tungekuwa katikati ya jangwa, sisi na mto wetu. Sista, nimelia mpaka mlinzi akaniletea maji.

Wako hai wote wawili. Ni msichana, kilo mbili na robo, na jina lake ni Risper, halas, mjadala umekwisha.

Wamenipa fomu ya kujaza. Panapouliza mama aliwahi kufanyiwa upasuaji gani, nimeandika mwenyewe, kwa herufi kubwa: MRIJA WA UZAZI.