Kola, Mikono na Mgongo wa Kiingereza

Jumatatu, 4 Machi
Bosi katangaza asubuhi: wateja wa sare wanatoka ng'ambo, anataka msimamizi wa mafundi anayezungumza Kiingereza. Usaili Ijumaa. Msimamizi hukalia kiti chenye egemeo, chini ya feni! Sisi wengine ni mabenchi. Papo hapo nikampigia mama mkwe, nikamwambia cheo nimeshapata. Kasema Jumamosi anakuja kuniona nimekikalia. Mama huyu tangu nimwoe binti yake hajanisifu hata kwa bahati mbaya. Sasa atanyoosha mikono. Kilichobaki ni Kiingereza tu.

Jumanne, 5 Machi
Nimesoma kitabu cha sarufi wakati wa chakula. Kumbe wanatutisha bure! Sentensi yao ni shati tu. Kuna anayetenda: hiyo kola, iko juu, inaonekana kwanza. Kuna kitendo: hiyo mikono. Kuna anayetendwa: huo mgongo, maana ndio unaobebeshwa mizigo. Nani mwingine angegundua? Nikawafundisha wenzangu bure. Roho yangu ndiyo inayonimaliza. Mikono, fundi wa mikono ya mashati, ambaye kiti anakitamani kama mimi, kaniuliza mbona kitabu nimekishika kichwa chini. Kijicho!

Jumatano, 6 Machi
Wazo la kigwiji! Hapa hakuna anayeshona shati zima; kila fundi na kipande chake, ndiyo kasi yetu. Basi na Kiingereza tugawane! Mimi nashona kola, nimechukua watendaji. Mikono, vitendo. Jirani yake Mgongo, watendwa. Mama Vifungo hakubakiwa na kitu. Kwa kuwa ndiye anayeunganisha vipande vya mashati, nikamwambia asikilize tu, atuunganishie. Kacheka, kaniita profesa. Jina nimelipenda.

Alhamisi, 7 Machi
Watendaji nimewameza wote: mimi, wewe, fundi, shangazi, serikali. Tukipokezana, Mama Vifungo akitupanga, Kiingereza kinamwagika kama bomba limepasuka. Mlinzi kaja kuchungulia, akidhani tuna mgeni.

Ijumaa, 8 Machi
Bosi anaita mmoja mmoja! Nani angefikiria? Kaniuliza kwa Kiingereza nafanya kazi gani. Nikajibu kishujaa, Kiingereza safi: Mimi. Akasubiri. Fundi. Akasubiri. Mama mkwe wangu. Serikali. Akanishukuru. Mikono tulimsikia kupitia ukuta: anapiga, anakimbia, analala, na haijulikani ni nani. Mgongo kataja mashati, kataja mlango, akaonyeshwa huo mlango. Mama Vifungo akaingia mwisho na vipande vyetu vyote, keshaviunganisha. Tukamsikia bosi anacheka, kisha kiti kinavutwa.

Jumamosi, 9 Machi
Mama mkwe kafika na nguo zake za harusini. Mimi nyuma ya marobota ya vitambaa, nimejikunja. Mama Vifungo akamkaribisha kutoka kwenye kiti, akasema hapo alipo kafikishwa na mkwe wake, na bila mimi asingejua hata salamu. Nikasikia naitwa. Mwanangu! Mama mkwe, kwa kinywa chake! Nikatoka kifua mbele, nikaeleza kwamba kiti nimemwachia mwanafunzi wangu. Mwalimu hagombei na wanafunzi. Mikono akakohoa. Akohoe tu.

Mwezi ujao, kasema bosi, wanakuja wateja wa Kifaransa, anatafuta msimamizi msaidizi. Nimemhakikishia mama mkwe cheo hicho ni changu tayari. Kosa nimeshaliona: tulikuwa wachache mno. Kifaransa tutagawana watu wanane, na mlinzi nimempa nukta.