Vita vya Uso wa Mutanu na Ushindi wa Alizeti

Njooni, enyi wenye nyuso! Wekeni chini mitungi yenu, maana maji ya mtaa wetu huu wa Kianda hayatoki mpaka jioni na ninyi mnajua. Tulieni, nami Opondo mwana wa Ugenya, mpangaji wa mlango wa pili, niwasimulie vita ambavyo havikupigiwa baragumu wala kutajwa redioni, bali vilipiganwa katika miaka hii ya tisini, ndani ya chumba kimoja, mbele ya kipande cha kioo. Mnaniuliza niliyajuaje yote? Ukuta wa mabati kati ya chumba changu na chao hauna siri. Na wewe unayecheka, ngoja nimalize ndipo ucheke.

Palikuwa na binti, Mutanu wa Mbula, Sauti-ya-Kwaya, Mwenda-kwa-Madaha. Umbo alipewa, sauti alipewa, lakini usoni mwake chunusi walikuwa wamepiga kambi, jeshi lisilo na huruma, lililoteka paji la uso, likavuka pua, likajenga boma kidevuni. Mutanu akaanza kutembea leso imempanda mpaka puani. Kwenye kwaya akarudi nyuma, nyuma kabisa, akaimba akiwa amejificha migongoni mwa wanaume wa besi.

Ndipo Marion, rafiki yake wa kufa na kuzikana, akachumbiwa, akamtaka Mutanu awe msimamizi wake, asimame kando yake mbele ya kanisa na mbele ya mpiga picha.

"Na huu uso?" akasema Mutanu. "Nisimame nao hapo mbele watu wauhesabu? Tafuta mwingine."

"Zii!" akanguruma Marion. "Sitafuti mtu. Usiposimama wewe, kando yangu patabaki wazi, na picha itapigwa hivyo hivyo. Watoto wangu wakiniuliza hapo alikuwa nani, nitawaambia alikuwa mtu aliyeogopa chunusi!"

Maneno hayo yalimchoma Mutanu, akalia, akanawa uso, akaapa kupigana.

Lakini adui hakuwa chunusi peke yake, jamani. Nyuma yao alisimama mama mzazi, Mbula, Mwenye-Kopo, Mlinzi-wa-Mng'ao. Kwetu hapa, mtu akitoka nje amepauka, lawama ni ya mama yake. Kila asubuhi Mbula alichovya vidole viwili katika kopo la mafuta mazito, akampaka binti yake, mtu mzima yule, paji, mashavu na shingo, mpaka nzi akitua anateleza. Na msidhani ni ukaidi tu. Alipofika Kianda kutoka Kitui, mwaka wa njaa, Mutanu akiwa mgongoni, wanawake wa mferejini walimtazama yule mtoto aliyepauka wakaulizana, "Kwani huyu hana mama?" Neno lile lilimwingia Mbula na halikumtoka. Kopo ndilo lililokuwa jibu lake.

Mutanu akaanza kulishuku kopo. Akajifunga leso, akatoka Kianda kwa miguu, akavuka matope na vumbi hadi soko la Kawangware, kwa Wamucii, Malkia-wa-Mitungi, muuza mafuta ya kupima.

"Mama, nipimie kidogo ya nazi, kidogo ya mbarika, na kidogo ya alizeti."

"Ngai! Wewe unapika ama unaonja?"

"Sipiki, mama. Nataka kupaka uso."

Soko likacheka. Lakini Wamucii akamfunua leso, akaona, akaacha kucheka. "Basi usichanganye, msichana. Kila moja mahali pake, na uyape siku. Uso si sufuria, huwezi kuonja na kuongeza chumvi."

Akarudi na majemadari watatu, kila mmoja katika chupa yake ya soda, wamezibwa kwa gunzi. Nazi akapewa tarafa ya shavu la kulia. Mbarika akapewa la kushoto. Alizeti, kwa kuwa alionekana mwepesi na mnyonge, akatupwa kidevuni, kule kwenye waasi wengi. Mamake naye aliambiwa uso una ahadi na Mungu, usiguswe. Uongo huo Mungu atausamehe.

Ee, vita! Nazi alinukia vizuri mno, lakini chini yake chunusi wakaita ndugu zao kutoka mashambani, shavu likafura. Mbarika alikuwa mzito, akakusanya vumbi lote la njia ya Olympic, akalibandika shavuni. Na Alizeti je? Alizeti hakusema neno. Aliingia ngozini akatulia, na siku kwa siku boma la kidevuni likabomoka. Sisemi ni dawa ya kila mtu, ngozi yako kaiulize mwenyewe. Ya Mutanu ilichagua hivyo, naye akamkabidhi Alizeti uso mzima.

Leso ikashuka. Ijumaa nilimsikia akiimba akifua.

Sasa sikieni msiba. Jioni ile ile plot yetu nzima ya wapangaji ilikuwa ikipika chapati za arusi ya Marion, kila nyumba na fungu lake, kama desturi yetu. Mbula akaishiwa mafuta katikati ya kazi. Akageuka, akaona chupa ya soda, gunzi mdomoni, mafuta mazuri ya alizeti ndani. Akamimina! Mimi mwenyewe nilikula nne, zilikuwa tamu, na sikujua ninakula nini.

Alfajiri ya siku ya arusi ukuta ukatikisika.

"Mwaitu, mama yangu, mafuta yangu yako wapi?"

"Yale ya kwenye chupa? Si nimepikia chapati!"

"Mwaitu! Umekaanga uso wangu!"

Mbula akajibu kwa sauti ya chini: "Mwanangu, sikujua. Lakini utatokaje mbele ya watu umepauka? Waseme tena huna mama? Kopo hili hapa, njoo."

Mutanu akasimama imara, uso ungali na maji. "Mwaitu, Kianda nzima inajua nina mama. Ukiniita, wanageuka mpaka watu wa ghorofani kule Nyayo Highrise. Leo uso huu niachie."

Akaipindua chupa juu ya kiganja. Akangoja. Likadondoka tone. Akaigonga kitako, la pili. Akaibembeleza, la tatu. Basi, hakuna zaidi. Akayasugua viganjani, akaukandamiza uso wake taratibu.

Mbula akamkaribia, kopo mkononi. Akampitishia nyuma ya mkono shavuni, kwenda na kurudi.

"Hujapauka," akasema. "Matone matatu tu? Na mimi miaka yote hii namaliza makopo?"

Akalifunga kopo. Nilisikia kifuniko kikilia.

Basi wenye kuandika tarehe na waandike kwamba siku hiyo uso mmoja wa Kianda ulipata uhuru wake. Picha ipo, iombeni muione. Sote tumepakwa, tunang'aa, paji langu linawaka kuliko taa ya stima. Kando ya bibi arusi hapakubaki wazi. Amesimama Mutanu, hana leso, anacheka, na chunusi mmoja mzee amebaki kidevuni.

Mbula aliileta picha hiyo hapa hapa mferejini. Mmoja wa wale wanawake wa zamani akaishika, akauliza, "Na huyu mrembo wa kando ni nani?"

"Huyo?" akasema Mbula, akiufunga mtungi wake. "Huyo ana mama."