Geji Inayompendeza Tajiri

Asubuhi ile hatujamaliza hata kikombe cha kwanza cha chai pale benchi la Mama Birika, Mhariri akakunjua gazeti. Mhariri hajawahi kuhariri chochote. Tunamwita hivyo kwa sababu hutusomea habari na kuongeza zake.

"Sikilizeni hii! Lori limefia mlimani, limefunga njia saa tano nzima. Injini imechemka mpaka ikanata. Dereva anajitetea eti geji ilikuwa inaonyesha baridi."

"Muongo huyo," akadakia Gia. "Dereva anayejua kazi anaisikia injini kwa makalio."

Gia ndiye dereva wa lori lililokuwa limeegeshwa hatua tatu kutoka benchi, linanguruma, limejaa saruji, na safari yake ni mlima huohuo. Injini ya kwanza ya lori hilo aliipika mwenyewe. Tajiri wake akamwambia maneno machache: ikichemka tena, acha funguo mezani. Na Gia ana watoto wanne wa shule. Ndiyo maana juzi alinunua geji ya joto dukani, maana ile lililozaliwa nayo lori ilishakufa zamani, na jana akafungiwa.

"Yangu mimi mambo safi," akajigamba. "Toka jana haijavuka arobaini. Nimempigia tajiri picha yake, nikamtumia, kafurahi mpaka kanirushia kidole gumba."

Shoti, fundi umeme wa magari, akashusha kikombe taratibu. "Arobaini? Lori linanguruma hapa nusu saa, na jua lote hili, halafu arobaini? Hata mwanangu akiwa na homa anafika arobaini!"

"Injini imetulia, bwana."

"Nani kafunga?"

"Mimi hapa," akajibu Koki kutoka mwisho wa benchi. Koki ni fundi bomba, na Gia kamuoa dada yake. "Una neno?"

Mhariri akacheka mpaka gazeti likamtoka. "Fundi bomba kafunga geji ya lori!"

"Kuna maji, kuna tundu, kuna spana. Tofauti na bomba ni ipi?"

Shoti hakungoja. Akapanda lorini na testa yake, akachokonoa nyuma ya dashibodi, akashuka. "Umeme upo. Fyuzi nzima. Waya mzima. Itakuwa sensa."

"Sensa?" Mhariri akashtuka. "Sisi kwetu walishatuhesabu."

"Sensa ya injini, we mtu! Kile kidude kinachokaa kwenye maji, kinapima joto na kuipa geji taarifa."

Tukazima injini, tukaisubiri ipoe kwa vikombe vingine viwili. Kisha Shoti akafungua ile sensa, ingali na waya wake. Waya wenyewe Koki hakupima, kaacha mita nzima inaning'inia. Birika la Mama lilikuwa linatokota kwenye jiko mbele ya lori, na kabla mwenyewe hajageuka, Shoti akaitumbukiza humo, kichwa cha sensa kikaegemea mdomo wa birika.

"Washa swichi! Inasemaje?"

"Imelala palepale arobaini!" Gia akapiga kelele kutoka kwenye usukani.

"Kwenye maji yanayochemka? Basi imekufa hiyo."

"Imekufa nini?" Mama Birika akawa amefika. "Mmezamisha chuma cha gari kwenye maji ya wateja wangu? Hivi mna akili nyie? Birika langu limekuwa gereji?" Akalinyakua na sensa yake ndani, akalitua kwa hasira juu ya bampa la lori, pale rangi ilipobanduka.

"Inapandaaa!" Gia akapayuka.

Mama akashtuka, akalinyanyua.

"Imelala!"

Akalitua tena.

"Inapanda!"

"Nilijua tu," akasema Mhariri. "Hata geji inamuogopa huyu mama."

Lakini Shoti alikuwa ameshika kichwa. "Negativu! Haina negativu! Sensa hii inapata negativu, yaani njia ya umeme kurudi, kwa kugusa chuma cha injini. Birika limegusa bampa, ikapata. Kule jikoni ilikuwa haigusi chuma cha lori. Lete nione." Akaichunguza. Ilikuwa imevishwa tepu nyeupe ya mafundi bomba, nene kama bandeji. Akaanza kuibandua, ikatoka, ikaendelea kutoka.

"Koki, umezungusha mara ngapi?"

"Kumi na nne. Na niliivuta vizuri."

"Umemfungia mwenzako sensa yenye koti la mvua, chuma kitagusaje chuma!"

"Imevuja?" Koki akasimama. "Nauliza, imevuja hata tone?"

"Haijavuja."

"Basi mimi nimemaliza."

Shoti akaikaza ikiwa tupu, chuma kwa chuma. Koki akageuza uso, hakuweza kutazama. Tukajaza maji, Gia akawasha. Mshale ukapanda sitini, ukafika themanini, ukatulia tisini. Lilikuwa joto la haki la injini nzima. Gia akafuta jasho, na nasema kweli, hata mimi nilifurahi.

Hapohapo simu ikalia. Tajiri. Gia akaweka sauti ya juu tusikie.

"Geji inasemaje leo?"

"Tisini, tajiri. Safi kabisa."

"Tisini! Jana si arobaini? Umeifanya nini injini yangu?"

"Tajiri, jana geji ilikuwa mbovu, leo ndiyo..."

"Jana ilikuwa nzuri! Mmechokonoa kitu kizima! Nani alifunga jana?"

"Shemeji yangu."

"Huyo ndiye fundi! Airudishe kama jana. Nakupa dakika tano nione picha ya arobaini, la sivyo acha funguo. Na umwambie nina malori mengine mawili, ayapitie." Akakata.

Koki alishaanza kuiokota tepu yake chini. "Mmesikia wenyewe."

"Gia, usithubutu," akasema Shoti. "Na mlima ule?"

Gia akautazama mshale, akaitazama tepu. Kisha Gia akachukua simu, akatafuta kidogo, akabonyeza. Haikupita dakika, kidole gumba kikaingia.

"Umemtumia nini?" nikamuuliza.

"Ile picha ya jana."

Akaachia breki, akaondoka na tisini yake kuelekea mlimani. Nikageuka nimtanie Koki, sikumkuta. Alikuwa ng'ambo ya barabara, dukani, ananunua tepu ya malori mawili.